Safu ya Maelezo

Karani wa karakana ya miguu ya bandia hakusomea kompyuta. Alisomea kupiga chapa, enzi ambazo binti aliyeweza kuchapa bila kutazama vidole alihesabiwa kuwa ameshapata maisha. Alipoolewa, aliyemtafutia kazi ni kaka mkubwa wa mumewe, fundi wa kutengeneza miguu hiyo. Hospitali nzima ilimwita Fundi, kana kwamba duniani hapakuwa na mwingine. Karani peke yake ndiye aliyemwita shemeji, nyumbani na kazini, maana ulimi ulikuwa umeshazoea.

Karakana ilikuwa nyuma ya hospitali, ukishapita jengo la kufulia mashuka. Ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na vyuma viwili sambamba vya kushikilia, na watu walijifunza kutembea upya katikati yake huku wakijitazama kwenye kioo kirefu. Cha nyuma kilikuwa cha Fundi: meza yenye jiliwa la kushikia kazi, magunia ya plasta, makopo ya gundi, na ukutani nyayo za mpira zimetundikwa, za kushoto huku na za kulia kule, kama viatu vya wageni waliokwenda pasipojulikana. Meza ya Karani ilikaa mlangoni kati ya vyumba hivyo, ili aone kotekote.

Kompyuta ilipoletwa, ililetwa na mwalimu wake wa wiki moja. Mwalimu alitengeneza faili, na ndani ya faili jedwali, kila mgonjwa na mstari wake: jina, umri, mguu upi, umekatwa wapi, unene wa kigutu, yaani kipande cha mguu kilichobaki, juu, katikati na chini, aina ya unyayo. Safu ya mwisho aliiita Maelezo.

"Hii ni ya kuandika jambo la ziada, kama lipo," alisema.

Fundi alivuta kigoda akakaa. Kwake yeye la ziada ndilo lililokuwa kazi yenyewe. Vipimo, alikuwa akisema, atavipata yeyote mwenye utepe. Asichokipata ni kwamba huyu anabeba ndoo upande wa kulia, yule hasemi kama anaumia kwa sababu ya aibu, na mwingine kigutu chake huvimba jioni, kwa hiyo usimpime asubuhi ukadhani umemaliza. Akaanza kusema, na Karani akaanza kuchapa.

"Mbona umeacha? Sijamaliza."

"Safu imejaa, shemeji. Inachukua herufi mia mbili na kitu tu."

"Basi hiyo mashine yako ina pumzi fupi. Mtu anaongea, inamziba mdomo."

"Wewe nawe unaongea kama redio ya jirani. Nani atakuzima?"

Miaka mitatu walivumilia hivyo, wakifupisha. Mwisho wa mwaka wa tatu mwalimu alirudi kuwaonyesha namna ya kuhifadhi, kwa kuwa jedwali lilikuwa limeanza kuwa zito na kufunguka kwa kusuasua. Alimwonyesha Karani hatua kwa hatua. Unalibofya jedwali, unalikopi, unalipesti humo humo ndani ya faili, na mashine ikikuuliza unataka nini, unachagua muundo peke yake. Hapo unapata jedwali jipya lenye safu zote na majina yote ya safu, lakini ndani halina mtu. Unalipa jina, Hifadhi, na mwaka. Kisha unawamimina humo wagonjwa waliokaa miaka miwili bila kurudi, unahakikisha wameingia, ndipo unawafuta kule walikotoka.

"Ni kama kuhamisha wapangaji," alisema mwalimu. "Nyumba ni ileile, chumba kingine. Kwanza unajenga chumba kinachofanana, halafu unahamisha."

Karani alilielewa jambo hilo vizuri, na huenda shida ilianzia hapo. Alilielewa mara moja, likakaa, na hakulifikiria tena.

Miezi michache baadaye aligundua mwenyewe, kwa kupekuapekua, kwamba safu ya Maelezo inaweza kufanywa ndefu. Alifungua muundo wa jedwali la kazi, akabadilisha aina ya safu ile, akahifadhi, akamwita Fundi na uso wa mtu aliyepanda cheo.

"Sema mpaka uchoke."

Fundi alisema. Kwa miaka mingi alisema. Jioni, wagonjwa wakishaondoka, alifuta mikono kwa kitambaa chenye gundi iliyokauka, akakaa kwenye kigoda na kuwasimulia mmoja mmoja waliokuja siku hiyo, na vidole vya Karani vilimfuata bila kumkatiza. Kulikuwa na wagonjwa waliopata maneno mengi kuliko barua ya posa.

Kila mwisho wa mwaka Karani alihifadhi. Hakukopi jedwali la kazi. Aliliogopa: lilikuwa na watu hai, waliotarajiwa kesho, na kidole kikiteleza atajibu nini? Alikopi Hifadhi ya mwaka uliopita, muundo peke yake, akabadilisha mwaka kwenye jina. Ilikuwa njia salama, tena nyepesi. Hifadhi ya mwaka wa kwanza ilizaa ya pili, ya pili ikazaa ya tatu, na zote zilirithi kwa mama yao safu ya Maelezo yenye upana wa zamani, kabla haijarefushwa.

Mashine, kama ilitaka kusema jambo, haikupewa nafasi. Mwanzoni kila alipomimina ilimuuliza: una uhakika? Akifuta ilimuuliza tena: una uhakika? Alichoka, akatafuta mahali pa kuyazima maonyo hayo.

"Inaulizauliza kama mama mkwe," alimwambia Fundi.

"Angalia mdomo wako. Huyo mama mkwe ni mama yangu."

"Ndiyo maana nakwambia wewe. Umwambie."

Fundi alicheka mpaka akaweka tupa chini. Kisha, akiwa bado anajifuta macho, aliuliza, "Lakini wote wameingia?"

"Wameingia. Waliotoka huku na walioingia kule ni sawasawa."

"Umemsoma hata mmoja?"

"Nisome nini, shemeji? Si niliwaandika mwenyewe?"

Lilikuwa jibu la haki. Fundi aliokota tupa yake, na hakuuliza tena mwaka ule wala miaka iliyofuata. Na miaka hiyo yote alikuwa pale, hatua chache kutoka mezani kwa Karani, na kila neno lililokuwa likipotea kwenye jedwali lilikuwa bado zima kichwani mwake. Karani angemgeukia tu. Angesema, shemeji, yule mama wa goti la kulia ulisemaje? Na yeye angevuta kigoda.

Fundi alikufa kwa ugonjwa ambao haukumpa mtu muda wa kujipanga. Karani alirudi kazini akakuta kigoda kimesogezwa ukutani na mtu aliyepiga deki. Alikiacha hukohuko.

Baada ya miezi kadhaa akaletwa fundi mpya, mwanamke mtaratibu wa makamo, aliyehamishwa kutoka hospitali nyingine. Alimwita Karani dada, alifanya kazi safi, na hakuwa na tabia ya kusimulia. Maelezo yake yalikuwa mafupi: kigutu kizuri, arudi baada ya mwezi. Karani aliyachapa na mkono mmoja ukiwa umeshika chai.

Ndipo alipokuja Mshonaji.

Alikuja kwa magongo, pindo la gauni limefungwa fundo upande mmoja chini ya goti. Karani alimtambua kabla hajafika mlangoni. Mama huyu alishona nguo za nusu ya wauguzi wa hospitali ile, na kwa miaka mingi alikuwa akipita uani akitembea sawasawa kiasi kwamba wageni hawakujua. Moto ulikuwa umeshika nyumba waliyopanga. Ilikuwa wakati wa kulala, mguu ameuvua ameuegemeza kitandani, na jirani aliyevunja mlango alimbeba yeye akauacha mguu.

"Hakuwa na makosa," alisema Mshonaji akikaa. "Mikono yake ilikuwa miwili tu. Kama ningechagua mimi, ningempa mguu kwanza, mimi ningejikokota."

"Acha maneno hayo, dada."

"Kweli nakwambia. Mimi nimeungua nywele, nywele zinaota. Mguu ule marehemu alinitengenezea baada ya mingine miwili kunishinda. Kuna mshipa hapa, sijui uko wapi hasa, ukiguswa naona nyota mchana. Yeye aliutafuta kwa gumba siku nzima. Akaupata, akaukwepesha. Nilikuwa nikiuvaa nasahau kama nimeuvaa."

Fundi mpya alikuwa amesimama akisikiliza. "Aliukwepesha vipi?"

"Mimi nitajuaje, mama? Mimi fundi wa mikono ya gauni."

"Usiwe na wasiwasi," Karani aliingilia, na baadaye aliikumbuka sauti yake mwenyewe wakati ule, ilivyokuwa imejaa. "Kila kitu kipo. Alinisimulia, nikaandika. Tunafungua tu."

Alifungua Hifadhi. Alimpata Mshonaji upesi, jina, umri, vipimo vyote juu hadi chini. Akausogeza mshale hadi safu ya mwisho, akaanza kusoma kwa sauti ili wote wasikie.

"Kigutu kifupi, mfupa wa mbele mkali. Mshipa uko upande wa nje lakini si pale anapoonyesha yeye, maumivu yanamdanganya. Ukimpima amekaa hutaupata. Msimamishe, mwambie aegemee mbele, kisha panda na gumba taratibu kutoka chini mpaka."

Alibonyeza mshale, haukusogea. Walisubiri.

"Mpaka wapi, dada?" fundi mpya aliuliza.

"Imeishia hapo."

"Shuka chini."

"Hakuna chini."

Alibofya mstari mwingine, mgonjwa mwingine, mzee wa mguu wa kushoto. Naye sentensi yake ilikuwa imekatika. Akabofya mwingine. Wenye maneno machache walikuwa wazima, lakini kila aliyesemewa kwa kirefu, kila aliyempa Fundi kazi ya kufikiri, maneno yake yalisimama ghafla, mengine katikati ya neno, kama mtu aliyeitwa nje akiwa anaongea. Akafungua Hifadhi ya mwaka uliotangulia. Akafungua ya kabla ya hiyo.

"Nani ameyafuta?" aliuliza Mshonaji, bila ukali.

"Mimi," alisema Karani.

Fundi wa kompyuta wa hospitali aliitwa. Alikaa kwenye kiti cha Karani muda mrefu, akifungua muundo wa majedwali moja baada ya jingine. Aliomba flashi ya akiba. Karani alimpa. Alikuwa akinakili faili humo kila Ijumaa bila kukosa, na kila Ijumaa nakala mpya ililala juu ya ya zamani, ikaifunika. Flashi nayo ilikuwa na sentensi zilezile, zilizokatika mahali palepale.

"Tatizo ni muundo uliokuwa unaukopi, mama," alisema kijana wa watu, akichagua maneno. "Ulikuwa wa zamani. Safu hii huku ni ndefu, kule ni fupi. Ulipomimina, yaliyozidi hayakuingia."

"Yalimwagika wapi?"

"Hayakumwagika. Yalibaki huku. Halafu ukafuta huku."

"Ingeniambia? Kama nisingezima maonyo?"

Alifikiri kidogo. "Mashine nyingine husema, nyingine hazisemi. Siwezi kukudanganya."

Hilo ndilo lililomsumbua kuliko mengine. Angejua kwamba ingemwambia, angejilaumu kwa kitu kimoja, kile cha kuzima maonyo. Angejua kwamba isingemwambia, angepumua. Sasa alibaki katikati.

Nyumbani, mumewe alisikiliza akiwa anamenya chungwa, akalimenya lote bila kula.

"Lakini si wewe uliyeyachapa?" aliuliza. "Hukumbuki hata kidogo? Mpaka wapi? Mpaka kwenye goti, mpaka kwenye kovu?"

"Nilifundishwa kuchapa bila kusoma. Ndiyo ufundi wenyewe. Maneno yanaingia sikioni yanatokea vidoleni. Ukianza kuyasikiliza, unakosea."

"Hata ya kaka?"

"Hata ya kaka yako. Nilikuwa nacheka naye kabla na baada. Katikati nilikuwa mashine."

Mumewe alimpa nusu ya chungwa. Baadaye kidogo alisema, si kwa kulaumu, kama mtu anayewaza kwa sauti, "Na alikaa pale miaka yote hiyo."

"Najua."

"Angekutania mpaka mwaka uishe."

"Ningekubali," alisema Karani. "Angenitania miaka mitano."

Mguu mpya ulitengenezwa. Fundi mpya hakubahatisha. Alimsimamisha Mshonaji kati ya vyuma viwili, akamwambia aegemee mbele, akapanda na gumba kutoka chini kama maelezo yalivyosema, mpaka pale yalipoacha kusema. Kuanzia hapo alikuwa peke yake. Mshonaji aliruka mara ya kwanza, akaruka mahali pengine mara ya pili, na mara ya tatu hakuruka popote, ikawa mbaya zaidi, maana hawakujua kama mshipa umehama au ameshazoea kuumia.

"Marehemu alikuuliza nini alipokuwa akitafuta?" Karani alimuuliza. Alikuwa amesimama pembeni akimshikia magongo.

"Aliniuliza habari za cherehani. Aliniuliza bei ya uzi. Mimi nikawa naongea, gumba linapanda, ghafla nikapiga kelele, akasema, ahaa, kumbe umejificha huku." Mshonaji alicheka, kisha uso ukakunjamana kwa sababu fundi mpya alikuwa amebonyeza tena. "Muulize uzi bei gani, mama. Labda itasaidia."

"Uzi bei gani?" fundi mpya aliuliza kwa utiifu.

"Umepanda. Kila kitu kimepanda isipokuwa mimi."

Walicheka wote watatu, na gumba likaendelea, na hakuna kilichopatikana.

Walijaribu kikombe cha kwanza, yaani ile sehemu ya juu ya mguu ambamo kigutu huingia, kikamchubua. Cha pili kilimruhusu kwenda hadi mwisho wa vyuma na kurudi akiwa ameng'ata mdomo. Cha tatu fundi mpya alikikwangua ndani hapa na pale, akaweka ngozi laini, na Mshonaji akatembea chumba kizima bila kushika kitu. Alijitazama kiooni. Alikuwa akichechemea, kidogo tu, bega moja likishuka kila hatua kama mtu anayetaka kusikia siri iliyo chini.

"Unauma?" aliuliza fundi mpya.

"Unavumilika."

Karani aliliandika neno hilo kwenye safu ya Maelezo, kwenye jedwali la kazi, kwa kuwa sasa Mshonaji alikuwa amerudi miongoni mwa wagonjwa wa sasa. Majedwali yote ya Hifadhi alikuwa ameshayapanua, moja moja, na maonyo ameshayawasha. Chumba kilikuwa kimekuwa kikubwa, na waliokuwa wakae humo hawakuwepo. Fundi wa kompyuta alimshauri amalizie zile sentensi kwa kubuni, angalau zisomeke. Alikataa. Hakutaka mtu wa baadaye aweke gumba mahali ambapo Fundi hakusema.

Mshonaji aliambiwa arudi baada ya mwezi, akarudi. Fundi mpya alikuwa ameitwa wodini. Mshonaji aliingia akafunga mlango kwa kiwiko, na Karani aliona magongo kabla hajaona uso.

"Mguu uko wapi?"

"Upo nyumbani. Kabatini." Alikaa. "Usimwambie yule mama, atajisikia vibaya. Amefanya kazi nzuri, hauna kosa mguu wake."

"Huuvai?"

"Nauvaa wageni wakija. Nauvaa nikipeleka nguo kwa watu wakubwa, ili wasianze kunihurumia wakasahau kunilipa. Nikirudi nauvua mlangoni kabla sijaweka mkoba chini."

"Tujaribu tena. Tunaweza kutengeneza kikombe kingine, cha nne. Nitamwambia leo hii."

"Dada." Mshonaji aliyaegemeza magongo mezani. "Nimechoka kutafutwa. Kila mkitafuta mnanigusa palepale, nyumbani silali. Magongo hayaniumi. Tena ona." Alimwonyesha kichwani pa magongo, alipokuwa ameyashonea mito midogo ya vitambaa vya maua, mishono ya ndani, hakuna uzi unaoonekana. "Wauguzi wawili wameshaniagiza niwashonee wagonjwa wao."

"Yamependeza."

"Nimekuja ili mnifute kwenye orodha ya wanaosubiriwa. Nafasi apewe mwingine."

Karani alifungua jedwali. Mstari wa Mshonaji ulikuwa pale. Alitaka kumwambia kitu, lakini kila alichokiunga kilikuwa ombi la kusamehewa, na mama wa watu alikuwa amekuja kwa jambo jingine.

"Nisikufute," alisema hatimaye. "Nitaandika tu kwamba hutumii."

"Andika unavyoona."

"Sema wewe. Niandike nini? Sema, mimi nasikiliza."

Aliitoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani, akamgeukia. Mshonaji alifikiri. Alisema kwamba mguu ni mzuri. Alisema kwamba asubuhi unavumilika na mchana hauvumiliki. Alisema kwamba ule wa kwanza alikuwa akiukanyagia cherehani wimbo mzima wa redio bila kusimama, na huu unamkatiza katikati. Alisema mengine pia, ya nyumba mpya na ngazi zake, na Karani hakuandika mpaka alipomaliza kabisa. Ndipo akachapa, taratibu, akitazama vidole. Akafunga safu, akaifungua tena, akamsomea yote mpaka neno la mwisho.

"Ndivyo," alisema Mshonaji, akajipangia magongo kwapani. "Nifungulie mlango, wakati wa kuingia niliufunga kwa nguvu."

Karani alimfungulia. Alitaka kumsindikiza hadi getini, lakini mlangoni alikuwa ameshafika mgonjwa mwingine, mwanamume mwenye mguu wa zamani mkononi, ameufunga kwenye gazeti, akiuliza kama yule Fundi bado yupo.

"Hayupo," Karani alimwambia. "Karibu ukae. Alikutengenezea lini?"